Mwalimu Anajibu: Kaskazi, Kusi na Muhula wa Kwanza

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Shela, Lamu. Binti yetu ana miaka 10 na Januari ataingia Gredi ya 5, wa pili ni mvulana wa miaka 8, na kitinda mimba ana 4. Mume wangu amefanya ubaharia miaka mingi kwenye vyombo vya wageni. Sasa ana mashua yake, iliyoundwa Matondoni, futi 38, ina kibanda cha kulala nyuma. Anataka msimu huu wa upepo wa kaskazi tushuke nayo sote: Malindi, Kilifi, Mombasa, Tanga, Pemba mpaka Unguja, kisha turudi na upepo wa kusi. Wazo hili lilimjia mwaka jana, ilipotia nanga hapa mbele yetu familia moja ya kigeni, baba, mama na watoto wawili, wanaozunguka dunia kwa tanga. Watoto wale wanasoma mle mle chomboni. Binti yao alimwonyesha wangu daftari lake, kila siku ameandika jambo. Tangu siku ile wangu hana jingine analolitaka. Mama mkwe anasema tunaiga Wazungu na tutawaharibia watoto masomo. Mimi bahari siiogopi, nimekulia pembeni mwake. Naogopa shule, na huyu mdogo namwogopea. Nishauri.*

*Mama wa watatu, Shela*

Marahaba, mwanangu. Nendeni. Lakini kabla tanga halijatwekwa, tuzungumze habari ya kalenda, maana tatizo lenu kubwa liko huko, si baharini.

Kaskazi husimama imara Desemba, na kusi haianzi mpaka Aprili. Shule hufungwa mwisho wa mwaka, zikafunguliwa Januari. Hesabu hizi mbili hazipatani. Mashua ikishuka na kaskazi Desemba, haipandi tena kwa raha mpaka upepo ugeuke, na ukigeuka muhula wa kwanza umeshakwisha. Mumeo akikwambia mtarudi Januari kwa kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo, mwulize ni nani atakayewashika watoto mawimbi yakiwajia usoni usiku na mchana. Vasco da Gama alitoka Malindi mwishoni mwa Aprili 1498 na kusi mgongoni, akaifikia pwani ya India kwa muda usiotimia mwezi. Kurudi hakutaka kungoja kaskazi isimame imara. Akakaa baharini karibu miezi mitatu, na mabaharia wake wengi wakafa kwa kiseyeye. Upepo haubembelezwi, na nyinyi mna mtoto wa miaka minne.

Basi muhula wa kwanza utakwenda, nanyi msiufiche. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule. Nenda kwa mwalimu mkuu kabla shule hazijafungwa, wewe na mumeo pamoja, mkiwa na karatasi mliyoiandika: mnakwenda wapi, mnarudi lini, watoto watasoma nini kila wiki. Ombeni vitabu vya Gredi ya 5 na ya 3, na mwulizeni kila mwalimu wa somo atafika wapi mpaka Aprili. Nimekaa upande wa pili wa meza ile miaka mingi. Mzazi anayekuja mapema na mpango mkononi husikilizwa. Anayetoweka na kurudi na hadithi humtia mwalimu mashakani, na atakayeumia ni mtoto.

Jambo hili si letu peke yetu. Laura Dekker, binti wa Kiholanzi, alizaliwa New Zealand mwaka 1995, wazazi wake wakiwa katika safari ya kuzunguka dunia kwa tanga. Mwaka 2009, akiwa na miaka 13, alitaka kuizunguka peke yake. Mahakama ya Uholanzi ikamzuia na kumweka chini ya uangalizi wa idara ya watoto, na masomo yake yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyoulizwa. Aliruhusiwa mwaka uliofuata, akamaliza safari Januari 2012 akiwa na miaka 16. Nyinyi hamtafikishwa huko, ila swali ni lile lile, na ni swali la haki.

Tena nakwambia nendeni mwaka huu, si mwakani. Mkingoja kaskazi ya mwakani, binti yako atakuwa anaingia Gredi ya 6, na mwaka ule una tathmini ya kitaifa ya kumaliza shule ya msingi. Huo si mwaka wa kumtoa darasani miezi mitatu.

Sasa masomo yenyewe. Familia za kigeni zinazosafiri hivi zimekuwa zikifundisha watoto chomboni kwa muda mrefu. Shule ya Calvert ya Baltimore, Marekani, ilianza mwaka 1906 kupeleka masomo kwa posta kwa watoto waliosomea nyumbani, na wasafiri wengi wa matanga walikuja kuyatumia. New Zealand ikafungua shule yake ya posta mwaka 1922 kwa ajili ya watoto wa mbali. Siku hizi ni intaneti, lakini utaratibu haukubadilika: masomo asubuhi, siku tano kwa wiki, bahari ikichafuka yanaahirishwa, mkiwa bandarini mnasoma kwanza ndipo mnashuka.

Utaratibu huo hauvunjwi na watoto, mwanangu. Huvunjwa na wazazi. Hapa nataka unisikilize sana. Mkisafiri usiku, mumeo atashika usukani mpaka alfajiri, na asubuhi atalala, na ni haki yake. Wewe utabaki na jiko, na mdogo anayetaka kupanda kila pahala, na hesabu za sehemu za Gredi ya 5, vyote kwa wakati mmoja, ndani ya futi 38. Hakuna ukumbi wa kutokea, hakuna nyumba ya dada ya kwenda kupumua. Siku ya kwanza utavumilia. Wiki ya pili utampigia kelele mtoto kwa kosa la kutoa na kukopa, naye atakuja kuichukia hesabu kwa sababu ya usingizi wako. Kwa hiyo mgawane kazi sasa, mkiwa bado mmekaa barazani. Mimi ningegawa hivi: hesabu na jiografia ni za baba, jioni, akishaamka na kula. Kusoma na kuandika ni kwako, asubuhi, kwa muda wa saa moja na nusu tu, usizidi. Safari ndefu za usiku zifuatwe na siku nzima ya nanga. Na siku moja katika wiki baba apike. Amekuwa baharia, kupika anajua.

Hesabu za baba zisiwe za kitabuni peke yake. Maili moja ya baharini ni mita 1,852, nayo ni dakika moja ya latitudo. Lamu iko digrii 2 na dakika 16 kusini ya ikweta, mji wa Unguja digrii 6 na dakika 10. Binti atoe, azidishe kwa 60, atapata maili 234 za kwenda kusini tu, kabla hajaugusa mwendo wa magharibi. Toka hapa mpaka Malindi ni kama maili 74. Mashua ikienda maili tano kwa saa, mtafika baada ya saa ngapi? Na mkitaka kuingia Malindi jua bado liko juu, mtoke saa ngapi? Jibu la swali hili litafanyiwa kazi kesho yake, na mtoto anajua hivyo. Utaona anavyohakiki hesabu zake bila kuambiwa.

Kuna jaribio moja ningependa mlianze kabla hamjaondoka, juu ya dari ya nyumba yenu. Simamisheni kijiti wima. Kuanzia saa sita kasorobo, kila dakika tano, mvulana wa miaka 8 aweke alama ya chaki pale ncha ya kivuli inapofika. Kivuli kitafupika, kitafupika, halafu kitaanza kurefuka tena. Pale kilipokuwa kifupi kuliko pote ndiyo adhuhuri ya jua ya Shela. Mkifanya karibu na tarehe 25 Desemba mtaikuta kama saa sita na dakika 16, kwa sababu saa za Kenya zinafuata jua la longitudo 45, na sisi tuko magharibi yake, kwenye digrii 40 na dakika 54. Kila digrii ni dakika nne. Mwache binti azihesabu mwenyewe, azione zile dakika 16 zikitoka kwenye karatasi sawasawa na zilivyotoka kwenye chaki. Kisha kijiti kile kile mwende nacho. Desemba kivuli cha adhuhuri hapa kinaangukia kaskazini, maana jua liko mbali kusini. Mkiwa Unguja siku za mwanzo wa Machi, mkingojea upepo ugeuke, kisimamisheni adhuhuri: jua litakuwa juu ya utosi, na kivuli hakitaonekana. Somo hilo nimelifundisha ubaoni kwa michoro maisha yangu yote. Watoto wako wataliona kwa macho.

Njiani msipite mkilala. Mkikata ghuba ya Ungwana, waonyesheni maji ya Mto Tana yanavyobadilisha rangi ya bahari. Ras Ngomeni kuna majukwaa ya chuma yaliyosimamishwa majini, ya Waitaliano, na kutoka hapo Desemba 12, 1970, siku ya Jamhuri, ilirushwa setilaiti ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, ikaitwa Uhuru. Ni jambo la ajabu kwa mtoto wa Kenya kuliona pahala lilipotokea, akiwa ndani ya mashua ya mbao.

Daftari sasa, maana ndilo lililomvuta binti yako. Kila mtoto apewe lake, la jalada gumu, na penseli. Kalamu ya wino maji ya chumvi yakiingia hubakia doa, penseli hubaki inasomeka. Aandike kila siku, hata mistari minne: siku, upepo, mahali, na kitu kimoja alichokiona yeye mwenyewe. Hicho cha mwisho ndicho kikubwa. Mtoto ukimwachia ataandika "leo ilikuwa nzuri", basi. Mwulize: nzuri vipi? Ulishika nini? Kilinuka nini? Mimi ningefurahi nikikuta ukurasa kama huu:

*Alhamisi. Umande asubuhi, halafu kaskazi. Tumepita Kipini. Maji yamekuwa kama chai ya maziwa. Baba anasema ni udongo wa Mto Tana. Nimeteka ndoo moja nikaiacha mpaka adhuhuri, udongo umetua chini, unene wa ukucha wangu. Tumekula mkate wa mofa na papa. Mdogo wangu amelia kwa sababu kamba yake ni fupi.*

Kwenye daftari hilo usisahihishe tahajia. Makosa yasahihishwe kwenye daftari la shule. Mtoto akijua kila neno litapigwa wino mwekundu, ataandika maneno anayoyajua tu, na bahari italeta asiyoyajua kila saa. Mdogo achore, nawe uandike chini anachokwambia kwa maneno yake mwenyewe, usiyatengeneze. Na nyinyi wazazi muwe na la chombo, la upepo, maili na nanga. Wakiwaona mnaandika, wataandika.

Kisha kuna bibi yao. Kila Ijumaa watoto wamwandikie barua, ya karatasi, na mkifika penye mtandao mpige picha mumpelekee kwa simu, asomewe barazani. Mama mkwe wako ana hofu, hana ubaya. Hofu hupungua mtu anapopata habari kwa mkono wa mjukuu. Habari ya kuiga Wazungu mwambie kwa adabu: watu wa visiwa hivi walikuwa wakienda na kaskazi na kurudi na kusi kabla ya Mreno kuijua njia. Na kuandika kwa ajili ya mtoto pia ni kwetu. Mwana Kupona, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia bintiye utenzi wa mawaidha mwaka 1858, na hadi leo tunausoma.

Nimelibakiza la huyu wa miaka minne, na hapa sina ulaini. Jaketi la kuokolea livaliwe tangu anapotoka kibandani mpaka anaporudi, mkiwa mnakwenda au mko kwenye nanga. Mkiwa mnakwenda, avae na mkanda wa kifuani wenye kamba fupi iliyofungwa mahali imara, isimfikishe ukingoni. Atalia, kama alivyolia wa kwenye ukurasa wangu. Alie. Na watu wazima wavae pia, kwani mtoto hufuata anachokiona. Mwaka 1971 mkulima wa Uingereza, Dougal Robertson, aliuza shamba akaondoka na mke na watoto kwa chombo cha mbao kiitwacho Lucette, akitaka dunia iwafundishe. Juni 1972, magharibi ya visiwa vya Galapagos, nyangumi wauaji walikitoboa, kikazama kwa dakika chache. Watu sita wakakaa siku 38, kwanza katika boti ya mpira, kisha wote ndani ya kimashua kidogo cha futi chache, wakinywa maji ya mvua na kula kasa, mpaka wavuvi wa Kijapani walipowaokota. Walipona wote sita. Nyinyi hamwendi bahari kuu kama ile, mtakuwa na pwani karibu. Hata hivyo mashua ndogo ya pili, maji ya akiba kwenye madumu yanayoelea, na simu mbili ndani ya mifuko isiyopitisha maji, haviongezi uzito wa kuwashinda.

Na kabla ya yote, likizo ya Agosti, fanyeni safari ya kujaribu ya wiki moja mpaka Kiwayu, ndani ya visiwa. Mtapita mlango wa bahari wa Mkanda maji yakijaa, na binti ndiye atafute bamvua, yale maji makubwa, iko lini kwa kuutazama mwezi. Wiki hiyo itawaonyesha nani anagombana na nani. Kama mtarudi Shela bado mnaongea, hati za kusafiria za watoto zianze kushughulikiwa mapema, kwa sababu Tanga ni nchi nyingine na maofisa watazitaka.

*Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Mokowe. Babu yangu alikuwa baharia wa jahazi la boriti, wakienda Mombasa na Mogadishu. Nataka kuandika habari zake, lakini kila nikimuuliza safari zilikuwaje husema "tulikwenda, tukarudi". Nifanyeje?*

Mjukuu wangu, swali lako ni kubwa mno kwa mzee. Safari zilikuwaje? Hata mimi ukiniuliza miaka yangu ya ualimu ilikuwaje, nitakwambia nilifundisha, nikastaafu. Muulize kitu kinachoshikika. Maji ya kunywa mliyaweka wapi, na nani alikuwa na ruhusa ya kuyafungua? Usiku ulilala juu ya nini? Nani alipika, na moto uliwashwaje upepo ukivuma? Mlilipwaje, na hisa ya nahodha ilikuwa ngapi? Umwambie akuhesabie shehena: boriti, ile miti ya mikoko, zinahesabiwa kwa korija, na korija ni 20. Muulize tofauti ya fito, pau, mazio, boriti na nguzo, na jinsi zilivyopangwa chomboni. Mzee aliyebeba miti hiyo begani atakujibu kwa mikono kabla ya mdomo, nawe uandike mikono ilifanya nini.

Bora zaidi, mchukue mpaka Matondoni siku fundi anapotia kalafati, pamba ya kuziba nyufa za mbao. Kaa naye kivulini, usiulize kitu. Harufu ya sifa, mafuta ya papa, na mlio wa nyundo juu ya pamba vitamsemesha. Mrekodi kwa simu ukiwa na idhini yake, kisha usiku ule ule uandike, usingoje wikendi. Neno lake usilibadilishe liwe la kitabu. Akisema kwa Kiamu, andika kwa Kiamu. Na umuulize mwaka gani kazi ya boriti ilipungua. Serikali ilipiga marufuku kuuza miti ya mikoko nje ya nchi mwaka 1982, na nyumba nyingi za hapa zilibadilika kwa ajili ya amri hiyo. Huenda "tukarudi" ya babu yako ina habari hiyo ndani yake. Fanya haraka, mjukuu wangu. Nimezika wazee waliojua nyota kwa majina, na hakuna hata mmoja niliyesoma daftari lake. Hilo linaniuma kila wakati.

*Mwalimu, mume wangu ni mtu wa bara, nimeolewa naye Malindi. Kila tukipanda mashua kwenda kwetu Faza anatapika mpaka anaishiwa nguvu, na watoto wanamcheka. Kuna dawa?*

Akae katikati ya chombo, nje, si chini kwenye joto na harufu ya mafuta ya injini. Macho yake yatazame mbali, pale bahari inapokutana na mbingu, asiangalie simu. Asipande na njaa wala asishibe: mkate mkavu na chai ya tangawizi kabla ya kuondoka vinatosha. Mpeni usukani kidogo kama nahodha ataruhusu, maana anayeshika usukani mara nyingi huathirika kidogo kuliko abiria. Vidonge vipo madukani, ila vingine vinaleta usingizi, kwa hiyo mfamasia aulizwe kwanza. Na watoto waambiwe wazi wasimcheke baba yao. Mabaharia wengi wazoefu hutapika siku ya kwanza baada ya kukaa pwani muda mrefu, na hakuna anayewacheka.